Mkono unaanzia wapi?

Dada yangu alinipigia simu jioni moja, sauti imemkauka. "Kaka, mtoto kaanguka mwembeni. Kavunjika mkono."

"Wapi?" nikauliza.

"Kwa bibi yake."

Mimi nilitaka kujua mkono umevunjikia wapi, yeye akanieleza mwembe uko wapi. Tukaanza upya. Nikamuuliza kama ni karibu na bega, au kiwikoni, au chini zaidi. "Huku," akasema, na nina hakika wakati huo alikuwa anajigusa mwenyewe mahali panapouma, kana kwamba ninamwona. Mpaka nafika hospitalini kesho yake asubuhi sikuwa najua kama mpwa wangu ameumia juu ya kiwiko au pale panapokaa saa. Kwa Kiswahili kote huko ni kuvunjika mkono.

Wageni wanaojifunza lugha yetu hukwama hapo hapo, tena mapema, pengine wiki ya pili ya masomo. Kiingereza kina maneno mawili: moja la kuanzia begani hadi kwenye kifundo, jingine la kuanzia kwenye kifundo hadi kwenye kucha. Mwanafunzi anamwuliza mwalimu, hiki kinaitwaje? Mkono. Na hiki? Mkono. Anadhani mwalimu hajamwelewa, anarudia swali kwa sauti kubwa zaidi.

Kamusi zetu hazina mgogoro na jambo hili. Mkono ni kiungo kinachoanzia begani na kuishia kwenye ncha za vidole. Neno lenyewe liko katika ngeli ya U-I, mkono umevimba, mikono imevimba, pamoja na mguu, mdomo, mgongo na moyo. Mguu nao una tabia hiyo hiyo ya kwenda moja kwa moja bila kusimama njiani, kutoka nyongani mpaka kwenye unyayo, lakini mguu una mambo yake mengi na leo nitauacha.

Isidhaniwe kwamba Kiswahili kimekosa maneno ya vipande. Ukianza juu kuna bega, chini yake kwapa. Kuna kiwiko, ambacho kulingana na ulikokulia utakisikia pia kikiitwa kivi, kisugudi au kisukusuku. Kutoka kiwikoni kushuka kuna kigasha, neno zuri ambalo vijana wengi hawalijui kabisa. Kisha kifundo cha mkono, ambacho wazee wengine hukiita kilimbili. Halafu kitanga au kiganja, na ukikigeuza unapata mgongo wa mkono. Na vidole vyenyewe, kuanzia dole gumba na kidole cha shahada.

Ukiyatazama maneno hayo kwa makini utaona jambo: mengi ni ya maungio na ya nyuso, yaani mahali mkono unapojikunja na mahali unapogusia vitu. Vipande virefu vyenyewe havina majina ya kila siku. Kati ya bega na kiwiko hakuna neno ambalo muuza genge atalitaja bila kufikiri. Unazunguka, unasema "huku juu, kabla ya kiwiko". Kigasha kipo lakini kimelala kamusini. Na kwa kile kizima cha chini, kiganja pamoja na vidole na mgongo wake, tunasema mkono tu, au kitanga cha mkono tukitaka kujitahidi.

Basi tunaelewanaje? Mimi naona jibu liko kwenye kitenzi. Kazi ambayo lugha nyingine zimeikabidhi nomino, ya kukata mkono vipande, Kiswahili kimeikabidhi vitendo. Ukisema "amenipungia mkono" hakuna anayewaza kiwiko. Ukisema "amevunjika mkono" hakuna anayewaza kiganja. Watu wanawaza mfupa mrefu. "Amemkamata mkono" ni kwenye kifundo au juu kidogo, "amempa mkono" ni kiganja kwa kiganja, "amelalia mkono" ni mkono mzima mpaka umekufa ganzi. Hina za mikononi huchorwa mpaka kwenye kigasha, bangili ya mkononi inakaa kwenye kifundo, simu ya mkononi inakaa kiganjani. Mkono ni ule ule, ila kila kitendo na kila kitu kinachotajwa kinauangazia mahali pake.

Mfano ninaoupenda ni wa kunawa. Kitenzi hiki kimeshikana na mikono kiasi kwamba mkono wenyewe hauhitaji kutajwa. Mgeni anapokaribishwa chakula huletewa birika na bakuli akaambiwa "nawa", basi. Hakuna aliyewahi kupandisha maji mpaka begani. Mwaka 2020, Korona ilipoingia, kila mlango wa duka na ofisi ulikuwa na ndoo yenye koki na tangazo la kunawa mikono kwa maji tiririka na sabuni, na watu wote, msomi na asiyejua kusoma, waliishia kwenye kifundo bila kuelekezwa. Angalia lakini kinachotokea kwenye udhu. Anayetawadha huanza kwa kuosha viganja, na baadaye, baada ya uso, huosha mikono. Hapo ndipo mwalimu wa madrasa anapolazimika kutaja mpaka: mpaka viwikoni. Na si Kiswahili tu kinacholazimika. Aya ya 6 ya Surat al-Maida yenyewe imetaja viwiko, kwa kuwa neno la Kiarabu la mkono nalo lina uwezo wa kupanda juu likiachiwa.

Kwa hiyo sheria ni rahisi kuiona: kitenzi kikikata vizuri, mkono unatosha, kitenzi kikishindwa, tunaongeza mpaka. Matatizo huja pale tunaposahau kuongeza.

Mahali pa kwanza pa matatizo hayo ni hospitali, na dada yangu ni shahidi. Mahali pa pili ni polisi. Tanzania, mtu aliyeumizwa hupitia kituoni kupewa fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kuonyesha majeraha. "Ameumizwa mkono" ni maelezo yanayotosha kwa jirani, kwa mahakama hayatoshi. Na kuna kovu la chanjo ya kifua kikuu, ambalo karibu sote tunalo. Mkenya atakuonyesha lake kwenye kigasha cha mkono wa kushoto. Watanzania wengi watapandisha nguo wakuonyeshe lao juu, karibu na bega. Waulize kovu liko wapi, wote wawili watakujibu "mkononi", na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Kuna mahali pamoja, hata hivyo, ambapo neno letu limewazidi wenye maneno mawili, nako ni uwanjani. Mchezaji akiugusa mpira kwa mkono, watangazaji wetu husema ameunawa. Kiingereza kimelipa kosa hilo jina la kile kipande cha chini, kana kwamba kosa ni la kiganja peke yake, wakati sheria inaadhibu mkono mzima. Kwa miaka mashabiki wamebishana kama mpira uliogonga juu ya kiwiko ni kosa au si kosa, na jina lenyewe linawachanganya. Kwa Kiswahili ubishi wa namna hiyo haukuwa na pa kusimama. Mkono ni mkono. Kilichobaki ni swali la juu kabisa: mkono unaishia wapi na bega linaanzia wapi? Bodi inayotunga sheria za mpira duniani ililazimika kulijibu swali hilo, na kuanzia msimu wa 2020/21 Sheria ya 12 ikasema mpaka wa juu wa mkono ni usawa wa chini ya kwapa. Yaani waliishia kuchora ule ule mstari ambao mama yeyote wa Kiswahili angekuchorea akikuambia unawie mpaka kwapani.

Maradona alitumia ngumi ya mkono wa kushoto dhidi ya Uingereza, tarehe 22 Juni 1986 jijini Mexico, na mwenyewe akausingizia mkono wa Mungu. Kwetu msemo uliozaa sana ni "bao la mkono". Mwaka 2015, kuelekea uchaguzi mkuu wa Tanzania, ahadi ya kushinda hata kwa bao la mkono ilitoka jukwaani ikashuka mitaani, na mpaka leo ukitaja bao la mkono si lazima uwe unazungumzia mpira.

Nirudi kwenye sarufi kidogo, maana kuna jambo ambalo tafsiri mbaya hulivunja kila siku. Kiswahili hakipendi kuutenga mkono na mwenyewe. Hatusemi "aliushika mkono wa mtoto". Tunasema "alimshika mtoto mkono". Hatusemi "mkono wangu umeumia" isipokuwa tunataka kuutofautisha na kitu kingine. Tunasema "nimeumia mkono". Anayeshikwa ni mtu, anayeumia ni mtu, mkono unatajwa baadaye kama maelezo ya mahali. Ndiyo maana sentensi kama "aliosha mikono yake" inanuka wino wa mtafsiri hata kama kila neno ni sahihi. Alinawa. Kama ni Pilato mbele ya umati, alinawa mikono. Mikono ya nani? Yake, bila shaka, angenawa ya nani tena?

Ukilielewa hilo utaelewa pia "kumuunga mtu mkono". Kuunga ni kuviweka pamoja vilivyoachana. Mganga wa viungo kijijini anaunga mkono kwa maana halisi: anaunyoosha, anaufunga kwa vijiti na kitambaa. Mbunge anaunga mkono kwa maana nyingine, na mkono anaouunga si wa mtu, ni wa hoja. "Mheshimiwa Spika, naunga mkono hoja." Hoja haina mkono, wala haijavunjika, lakini hakuna anayestaajabu. Kinachonistaajabisha mimi ni kwamba anayeunga mkono kwa asilimia mia moja huendelea na dakika tisa za malalamiko.

Je, ni sisi tu? Hapana. Shina -kono ni la kale katika lugha za Kibantu. Kiganda kina omukono, na wasafiri wa Kiswahili wanaotoka Kampala kuelekea mashariki hutabasamu wakifika mji wa Mukono. Kizulu kina umkhono, ambalo linaweza kuwa mkono wa mtu na pia mguu wa mbele wa mnyama. Maana hiyo ya mnyama haijatupotea: buchani ukiomba mkono wa mbuzi utapewa mguu wa mbele, na hutadhani muuzaji amekosea. Lugha nyingine zilichagua shina tofauti, -boko, ndilo lililozaa loboko la Kilingala na guoko la Kikuyu. Chichewa, ambayo ni jirani yetu wa kusini, ina mkono kama wetu kabisa, lakini imeongeza dzanja kwa ajili ya kile kipande cha chini. Kwa hiyo si kweli kwamba Mbantu hakati mkono. Wengine wanakata, wengine hawakati.

Mwanaisimu Cecil Brown aliwahi kulinganisha lugha 617 za dunia kwa swali hili moja. Matokeo yake yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba lugha 228 zinatumia neno moja kama sisi, na 389 zinatumia maneno mawili. Akaona pia kwamba lugha za neno moja zimejazana zaidi karibu na ikweta. Maelezo aliyoyatoa yananifurahisha: kwenye baridi watu huvaa nguo zinazofunika mkono mpaka kwenye kifundo, kile kinachobaki nje kinaonekana kama kitu kinachojitegemea, na kwa hiyo kinapata jina lake. Kwenye joto mkono uko wazi wote, hakuna mstari, hakuna sababu ya kukata.

Ni wazo zuri, ila lina matundu. Warusi, ambao baridi yao haihitaji shahidi, wana neno moja tu, ruka, kuanzia begani mpaka kwenye vidole. Na huku kwetu mwambao kanzu imevaliwa kwa karne nyingi, mikono yake mirefu imefika kwenye kifundo, na bado hatukukata. Tulifanya kinyume: nguo yenyewe tukaipa mikono. Shati la mikono mirefu, gauni lisilo na mikono, kukunja mikono ya shati. Hiki kipande cha kitambaa ambacho kwa nadharia ya Brown kilitakiwa kitugawie mkono, sisi tumekiita mkono. Fundi cherehani ndiye mtu pekee ninayemjua ambaye kila siku huuliza swali la makala hii kwa uzito wake wote. "Mkono uishie wapi?" anauliza, tepu shingoni, na usipojibu sawasawa utajuta siku ya harusi.

Kabla ya tepu hiyo, mkono wenyewe ndio uliokuwa tepu. Dhiraa ni kipimo cha kutoka kiwikoni mpaka ncha ya kidole cha kati, na kilikuwa kikiitwa mkono vilevile. Kulikuwa na dhiraa kamili, ya vidole vilivyonyooshwa, na dhiraa konde, inayoishia kwenye ngumi iliyofumbwa. Mikono miwili ni wari, minne ni pima. Katika misafara ya karne ya 19 iliyokuwa ikitoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, kitambaa ndicho kilichokuwa pesa: shuka ilikuwa mikono minne, doti mikono minane. Sasa fikiria soko ambalo kipimo kimeota mwilini mwa mtu. Muuzaji angependa kupima kwa mkono wa mtoto, mnunuzi angependa kumleta binamu yake mrefu kuliko wote. Leo doti imebaki kwenye kanga, na wanaoinunua hawahesabu mikono tena.

Kuhusu mkono wa kulia na wa kushoto nitasema machache, kwa sababu wengi hawajui kwamba kulia hapa hakuhusiani na machozi. Ni kula, kwa umbo la kutendea: mkono wa kulia ni mkono wa kulia chakula. Zamani, na mpaka leo katika Biblia na kwa wazee wa mwambao, uliitwa mkono wa kuume, na wa kushoto ukaitwa wa kike. Mume ana nguvu, mke hana, ndiyo falsafa iliyofichwa humo, na sioni sababu ya kuitetea. Jina la kulia lina adabu zaidi; linataja kazi tu. Lakini nalo limebeba hukumu yake, kwa sababu ukiwa na mkono wa kula, ule mwingine unabaki na kazi zisizotajwa mezani. Ndiyo maana mtu akikupa chenji kwa mkono wa kushoto, huku wa kulia umeshika mzigo, anaanza kwa "samahani". Na ndiyo maana kitu kikubwa, au kitu cha heshima, hupokelewa kwa mikono miwili, ili swali la mkono upi lisizuke kabisa.

Kwenye kutoa na kupokea ndipo neno hili linapotanuka mpaka likauacha mwili. Siku ya sikukuu watoto huzunguka kwa majirani na kudai mkono wa Idi, na wanachodai si kiganja. Ni sarafu iliyomo. Msibani tunatoa mkono wa pole, na siku hizi mkono huo mara nyingi una bahasha. Bwana harusi wa mwambao humpa bibi harusi kipamkono, zawadi ya siku ile ya kwanza wanapoonana. Kwenda kumtazama mgonjwa mikono mitupu ni aibu, na methali ni kali: mkono mtupu haulambwi. Aliyepoteza kila kitu ametoka mkono mmoja mbele, mwingine nyuma, na usiulize unaficha nini.

Mtoaji ana mkono wazi. Mchoyo ana mkono wa birika. Nimewahi kusikia watu wakibishana kuhusu asili ya msemo huo, na mimi nina upande wangu: tazama mshikio wa birika ulivyojikunja, unatoka kwenye birika na kurudi kwenye birika. Haujawahi kunyooka kumwelekea mtu. Mkono mrefu, kwa upande mwingine, ungedhani ni sifa ya mtoaji, kumbe ni wa mwizi. Ila mkono mrefu ukiwa wa serikali, ni kwamba mwizi huyo hatafika mbali. Mkono mwepesi ni wa msusi asiyekuumiza kichwa. Mkono mzito ni wa yule unayemlipa huku machozi yanakulengalenga, na ni wa mdaiwa siku ya kulipa. Na kuna mkono wa tembo, ambao ni ule mkonga wake, na ambao sokoni ni ndizi kubwa kuliko zote, moja inashibisha.

Kisha kuna mkono wa mtu. Huu ndio mzito kuliko yote, na sijui mgeni anaweza kuelezwaje bila kukaa nasi kwenye jamvi la msiba. Kijana amekufa ghafla, gari limeacha njia penye barabara iliyonyooka, duka lililokuwa likiuza vizuri limefilisika mwezi mmoja. Watu wanatazamana, kisha mmoja anasema kwa sauti ya chini, "Hapa kuna mkono wa mtu." Hajasema ni sumu, hajasema ni uchawi, hajasema ni hujuma, hajamtaja jirani wala shemeji. Amesema tu kwamba jambo hili halikujitokea. Mkono hapo umekuwa nia, umekuwa mtendaji asiye na uso. Nimeona ukoo umegawanyika kwa sentensi hiyo moja, kwa sababu mkono ukishatajwa kinachofuata ni kuutafutia bega.

Wingi nao hubadilisha mambo. Pesa ikiwa mkononi ni yako, unaweza kuitumia sasa hivi. Kununua mkono kwa mkono ni kulipa papo hapo bila deni. Lakini mtu akiwa mikononi mwa polisi, au mgonjwa akiwa mikononi mwa Mungu, hana hiari tena. Mkono mmoja unamiliki kitu, mikono miwili inammiliki mtu. Na pale asipoweza kushindana na mikono hiyo, wahenga walimpa ushauri ambao kila mfanyakazi aliyewahi kuwa na bosi mbaya anaujua: mkono usioweza kuukata, ubusu.

Mpwa wangu nilimkuta amekaa kwenye benchi, hogo limeanzia chini kidogo ya kiwiko na kuishia kwenye vifundo vya vidole, tayari limeandikwa jina la timu yake. Kwenye cheti daktari alikuwa ameandika mkono wa kulia, kigasha, karibu na kifundo. Nilifurahi kuliona lile neno limeamka. Bibi yake, ambaye kwa miaka minane alikuwa akimpiga kofi la kiganja kila anapopeleka tonge mdomoni kwa mkono wa kushoto, alitangaza msamaha mpaka siku hogo litakapotolewa. Mtoto ni shoto tangu azaliwe. Hakuweza hata kujifanya ana huzuni.